Fataki Zilizofika Lualaba

Bastola ya kale ya fataki inapopandishwa mnadani London, Paris au Brussels, huambatana na kadi fupi. Kadi husema imetengenezwa Liège, katikati ya karne ya 19, ina mtutu mmoja, kitako cha mjozi, mtambo unafanya kazi. Kama iliwahi kupita Kongo, neno “Kongo” huongezwa mwishoni, bila mto, bila mji, bila jina la aliyeishika. Wakusanyaji huiita taarifa hiyo asili ya kitu. Kwa silaha iliyozaliwa Ulaya ikazeekea Ulaya, pengine inatosha. Kwa zile zilizofika Lualaba ya juu, katika nchi ya Waluba ambako leo kuna Mulongo, mji wa mtoni katika mkoa wa Haut-Lomami wenye makao yake Kamina, haitoshi hata kidogo. Silaha hizo ziliishi huko muda mrefu kuliko zilivyokaa katika karakana ya Liège, na mambo yanayozifanya zistahili kuhifadhiwa yalitokea huko. Ninachodai ni kwamba asili ya silaha ya namna hii hutafutwa katika mikono iliyoipokea kabla ya kutafutwa katika kiwanda au aina ya mtambo, na kwamba mkusanyaji anayesaka kipande kisichoguswa anatupa ushahidi huku akidhani anauokoa.

Tuanze na mtambo, maana hapo ndipo makosa ya tarehe yanapozaliwa. Kasisi wa Kiskoti, Alexander Forsyth, alipata hataza mwaka 1807 ya kuwasha baruti kwa kemikali inayolipuka ikigongwa, badala ya cheche za jiwe. Katika miaka ya 1820 kemikali hiyo ilikuwa imekwisha kutiwa ndani ya kikofia kidogo cha shaba, yaani fataki, kinachovikwa juu ya chuchu ya chuma. Nyundo ikikigonga, moto hupenya ndani ya chuchu na kuishika baruti. Kufikia miaka ya 1840 majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa yakiacha gumegume, yaani bunduki za cheche za jiwe, na kuchukua bunduki za fataki. Mkusanyaji hujenga kalenda yake juu ya mfuatano huo: gumegume kwanza, fataki baadaye, kisha bunduki za kupakiwa nyuma. Akiletewa gumegume kutoka Katanga atasema ni ya kabla ya 1840. Akiletewa ya fataki atasema ni ya miaka iliyofuata. Lakini Afrika kalenda hiyo ilivurugika mapema. Majeshi yalipoziacha gumegume, wafanyabiashara wa Liège na Birmingham walizinunua kwa wingi, wakazikarabati, wakazipakia melini kuja Afrika. Waliendelea pia kutengeneza mpya za mtindo uleule, miaka ambayo karakana za jirani zilikuwa tayari zinauza bastola za risasi sita.

Isidhaniwe kwamba wanunuzi wa bara hawakujua kilicho bora. Walikuwa na hesabu yao, na hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Jiwe moja la gumegume hupiga mara nyingi kabla ya kubadilishwa. Risasi mhunzi anaweza kuifua mwenyewe kwa chuma au shaba, na Katanga haikukosa kimojawapo. Fataki, kwa upande wake, hutoka kiwandani tu, hutumika mara moja, huharibiwa na unyevu wa mabonde kama ya Upemba, na ikiisha mwenye bunduki amebaki na rungu ghali. Mtawala aliyejaza ghala lake bunduki za fataki alikuwa amejifunga kwa msafara unaofuata, na kwa yeyote mwenye uwezo wa kuuchelewesha. Kwa hiyo silaha ya fataki iliyofika Lualaba kabla ya ukoloni inatueleza jambo ambalo gumegume haituelezi: mwenyewe alikuwa na uhusiano wa kudumu na pwani, au alitarajia kuwa nao. Taarifa hiyo ya kisiasa haiwezi kusomwa kwenye chapa ya mtutu.

Pwani ipi, ndilo swali la pili. Zilikuwapo mbili. Upande wa mashariki ilikuwa Zanzibar. Mkataba ambao Edmund Roberts aliufunga na Sultan Said bin Sultan kwa niaba ya Marekani, Septemba 1833, ulitaja bunduki, baruti na risasi waziwazi: katika kisiwa cha Unguja ziuzwe kwa serikali pekee, katika bandari nyingine za Sultani ziuzwe kwa uhuru. Tangu mwanzo, basi, silaha zilikuwa bidhaa ya kuandikiwa kifungu. Miaka 55 baadaye balozi wa Uingereza huko Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 za kila aina zilikuwa zikiingia Afrika Mashariki kwa mwaka. Njia yake ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika. Upande wa magharibi ilikuwa Benguela, na mabingwa wa njia hiyo walikuwa Waovimbundu wa Bihe, waliotembea hadi ndani ya nchi za Walunda na Waluba. Katikati ya njia hizi mbili alikaa Msiri, mtu wa asili ya Unyamwezi aliyehamia Katanga katika miaka ya 1850, akajenga mji wake Bunkeya, akauza shaba, pembe na watu kuelekea bahari zote mbili, na kuagiza baruti kutoka zote mbili.

Hali ilikuwa hiyohiyo katika dola la Waluba. Msafiri Mwingereza Verney Lovett Cameron alipofika Kilemba mwishoni mwa mwaka 1874, katika nchi ya mfalme Kasongo Kalombo, alimkuta Juma bin Salum, aliyejulikana kama Juma Merikani, mfanyabiashara wa njia ya Zanzibar. Hapohapo karibu alikuwapo José Antonio Alvez, aliyetoka Bihe. Mfalme mmoja, wageni wa bahari mbili, wote wakiwa na bunduki. Tukiletewa leo silaha yenye maneno “nchi ya Waluba, karibu na 1870”, hatuwezi kujua kwa kuitazama tu kama ilipita mikononi mwa nyampara wa Tabora au mwa wapagazi wa Bihe. Na tofauti hiyo si ndogo, kwa kuwa kila njia ilikuwa na deni lake. Cameron aliandika kwamba mwenzi wa Alvez, aitwaye Coimbra, alirudi kutoka uvamizini na wanawake 52 waliofungwa kamba kwa mafungu ya 17 au 18. Alikisia kwamba ili kuwapata hao, vijiji kumi viliangamizwa. Wanawake kama hao ndio waliolipia bunduki na baruti. Kadi inayosema “mjozi, hali nzuri” imefuta bei iliyolipwa.

Hapa inafaa kuitenga bastola na bunduki ndefu, jambo ambalo wauzaji wa mnadani hawana haraka ya kulifanya. Biashara ya bara ilikuwa ya bunduki ndefu. Bastola ya fataki ya risasi moja haiui tembo, haimzuii adui aliye mbali na mishale, na haimtishi mtu aliyekwisha kuhesabu kwamba mwenzake ana mlio mmoja tu. Ilikuwa silaha ya kiunoni: ya kiongozi wa msafara, ya afisa wa Kizungu, au zawadi ya kumtuliza mtawala ili aruhusu njia. Ndiyo maana asili ya bastola huwa habari ya watu wachache, na huweza kufuatiliwa katika orodha za zawadi, wasia na shajara, ilhali bunduki ndefu hupotea ndani ya marobota. Ndiyo maana vilevile hadithi za uongo huipenda zaidi. Ni rahisi kudai kwamba bastola fulani ilikuwa ya Msiri. Ni vigumu kumpata atakayedai hivyo kuhusu gumegume ya mpagazi asiye na jina.

Kisha likaja Azimio la Brussels la tarehe 2 Julai 1890, na hapo kalenda ya mkusanyaji inageuka juu chini. Mataifa yaliyokutana yalipiga marufuku kuingiza silaha katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Waliacha mlango mmoja: serikali ya koloni iliweza kuruhusu, katika maeneo iliyoyateua, gumegume zenye mtutu usio na mifereji ndani, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Sababu waliyoitoa ilikuwa kuzuia biashara ya watumwa. Sababu waliyoijua wote ni kwamba mwenye gumegume hamshindi askari mwenye bunduki ya kupakiwa nyuma. Matokeo yake ni kwamba kisheria mtambo wa kale uliruhusiwa na mtambo mpya ukazuiwa. Gumegume iliyopatikana katika kijiji cha Lualaba inaweza kuwa changa kwa miaka 30 kuliko bastola ya fataki iliyokuwa katika kijiji cha jirani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968, ambayo wakusanyaji wengi wanaifuata, huhesabu silaha kuwa ya kale kama ilitengenezwa mwaka 1898 au kabla yake. Katika sheria hiyo mwaka wa kutengenezwa ndio unaoamua, lakini katika Azimio la Brussels ulioamua ni mtambo. Anayetumia kanuni moja kusoma historia iliyoundwa na nyingine atakosea, hata awe na jicho kali namna gani.

Marufuku hiyo haikuwahusu wote. Katika Dola Huru la Kongo la mfalme Leopold, silaha ya fataki ilipata mwenyewe mpya: kapita, yaani mlinzi Mwafrika aliyewekwa na kampuni kijijini kuhakikisha mpira unaletwa. Ripoti ya balozi wa Uingereza, Roger Casement, iliyotolewa mwaka 1904 inawaeleza walinzi hao na bunduki zao za fataki, na tume ya uchunguzi iliyofuata ilikuta mengi ya aina hiyo. Maeneo waliyoyachunguza yalikuwa hasa ya kaskazini na magharibi, mbali na Mulongo. Katanga ilikuwa tangu 1900 chini ya Kamati Maalumu ya Katanga. Lakini silaha husafiri. Bunduki ya fataki iliyopatikana mtoni baada ya 1900 huenda ilikuwa ya msafara wa Zanzibar, huenda ilikuwa ya kapita, huenda ni ya mwindaji aliyepewa kibali na serikali ya kikoloni. Zote tatu zaweza kuwa na chapa moja ya Liège. Kuziweka kwenye rafu moja na kuziandikia kadi moja ni kumweka aliyepora, aliyelinda mpira wa kampuni na aliyewinda swala chini ya jina moja.

Hapa mjuzi wa silaha atapinga, na upinzani wake una nguvu. Atasema: chapa hazidanganyi, watu ndio wanaodanganya, mimi nasoma chuma. Ni kweli kwa nusu. Nyumba ya majaribio ya Liège iligonga herufi ELG ndani ya duara la yai kwenye mitutu iliyofaulu, na kuanzia mwaka 1893 ikaongeza taji juu yake. Msiri aliuawa tarehe 20 Desemba 1891, alipigwa risasi na Kapteni Omer Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa Katanga kwa ajili ya mfalme Leopold. Kwa hiyo bastola yenye ELG na taji, inayouzwa kwa madai kwamba ilitoka kiunoni mwa Msiri, imekwisha kujikanusha yenyewe. Huo ni ushahidi safi, nami sitaki kuuacha. Lakini chapa hiyohiyo inaweza tu kukanusha. Haiwezi kusema nani aliibeba. Tena si kila chapa ni ya kuaminiwa. Neno “Tower” pamoja na taji kwenye bamba la mtambo, ambalo zamani lilimaanisha ghala la serikali ya Uingereza, liligongwa na mafundi wa Liège kwenye bunduki za biashara kwa sababu wanunuzi wa Afrika walilipenda. Hata chuma, basi, kilifundishwa kusema kinachotakiwa sokoni.

Atapinga pia kwamba masimulizi ya wenyeji hayawezi kupimwa. Waluba wangeshangaa kusikia hivyo. Chama cha Mbudye kilikuwa na wataalamu wa kumbukumbu waliosoma lukasa, kibao cha mbao chenye shanga na michoro, na kila shanga ilikuwa na mahali, mtawala au kizuizi cha njia ndani ya historia ya ufalme. Sisemi lukasa iliandikwa habari za bunduki. Nasema nchi iliyokuwa na taaluma ya namna hiyo haikukosa nidhamu ya kuhifadhi nani alimpa nani nini. Jan Vansina, aliyefanya kazi yake kubwa Kongo na kuchapisha kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka 1961, alionyesha jinsi masimulizi yanavyopimwa: kwa kulinganisha matoleo, kwa kuuliza msimuliaji ana faida gani, kwa kuyaweka kando ya maandishi. Hiyo ndiyo kazi ileile anayoifanya mkusanyaji mwangalifu anapolinganisha stakabadhi mbili zinazopingana. Na masimulizi yanaweza kukosea kama vitu vinavyokosea. Wachongaji wa Kichokwe wa karne ya 19 walimchonga Chibinda Ilunga, mwindaji wa uzao wa Waluba katika hadithi ya kuanzishwa kwa utawala wa Walunda, na mojawapo ya sanamu zake, iliyopo Berlin, imeshika bunduki. Hadithi yenyewe ni ya zamani kuliko bunduki katika nchi hizo. Bunduki ile ni ushahidi wa wakati wa mchongaji na wa kile ambacho watu wake waliona kinamstahili mwindaji mkuu. Haisemi lolote juu ya wakati wa Chibinda.

Linabaki suala la matengenezo, na hapa ndipo naona kwamba ladha ya wakusanyaji inafanya hasara kubwa kuliko zote. Kipande kinachopendwa ni kile kilichobaki kama kilivyotoka dukani. Kitako kilichopasuka kikafungwa kwa waya wa shaba, nyundo iliyofuliwa upya, chuchu iliyochongwa na mhunzi wa kijijini: yote hayo hushusha bei. Wapo hata wanaonunua silaha iliyogeuzwa zamani kutoka gumegume kuwa ya fataki, wakaigeuza tena kuwa gumegume ili ionekane kongwe. Halafu kuna nakala za Italia, zinazotengenezwa kwa wingi tangu miaka ya 1950, ambazo zikizeeshwa kidogo humdanganya mgeni. Hizo nitaziacha, kwa kuwa kosa lake ni dogo na hugunduliwa. Uharibifu wa mnunuzi mwaminifu haugunduliki. Bonde la Upemba lina historia ya uhunzi inayozidi miaka elfu moja. Makaburi ya Sanga, kando ya Ziwa Kisale, yaliyofukuliwa na Jacques Nenquin mwaka 1957, yalikuwa na vyombo vya chuma na shaba vilivyofanywa kwa ustadi, na katika masimulizi ya Waluba ufalme na uhunzi havitengani. Waya wa shaba kwenye kitako cha bastola kutoka nchi hiyo ni sahihi ya fundi. Unasema silaha ilitumika, ilivunjika, ilithaminiwa kiasi cha kutengenezwa, na palikuwa na mtu aliyejua kuitengeneza. Mara nyingi ni sehemu pekee ya kitu hicho ambayo kwa hakika ilifanywa Afrika. Fundi wa Ulaya anayeung’oa waya huo ili “kurudisha hali ya asili” anairudisha Liège, mahali ambapo haikuwahi kufanya lolote la maana.

Pingamizi la mwisho ni zito, na halitoki kwa wakusanyaji. Litatoka kwa watu wa Haut-Lomami wenyewe: silaha zimetuua, kwa nini tuzitunzie nasaba? Magobori hayakuishia karne ya 19. Mafundi wa mashariki ya Kongo bado wanafua bunduki za kupakiwa mbele, ambazo watu huziita pupu, na katika vita vya wanamgambo wa Mai-Mai kaskazini ya Katanga miaka ya mwanzo ya karne hii, watu wa Mitwaba, Malemba-Nkulu na Manono walikimbia makwao. Shirika la PAREC lilipopita vijijini likitoa baisikeli kwa atakayesalimisha bunduki, hakuna mwenye akili aliyesema kwanza tupige picha. Nami nisingesema vitu hivyo vibaki majumbani. Sheria ya silaha ya mwaka 1985 inadai kibali, na ni haki. Lakini kuandika habari za silaha kabla ya kuiharibu hakumrudishii mtu uwezo wa kuua. Kinyume chake, kunamwondolea mnunuzi wa ng’ambo ile hadithi laini ya zama za wavumbuzi. Tazama kilichotokea kwa sanamu ya Lusinga, iliyochukuliwa Desemba 1884 watu wa afisa Mbelgiji Émile Storms walipomuua mtawala huyo magharibi ya Ziwa Tanganyika. Kwa miongo mingi ilionwa kama kazi nzuri ya sanaa ya Kitabwa. Leo huwezi kuizungumzia katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, bila kutaja mauaji hayo. Kitu kilekile, kadi nyingine.

Sanamu hiyo angalau iko mikononi mwa dola. Sheria ya Ubelgiji ya tarehe 3 Julai 2022 inaruhusu vitu vilivyopatikana wakati wa ukoloni, vilivyo mali ya dola la Ubelgiji, kuchunguzwa na kurudishwa kwa makubaliano na nchi husika. Haivigusi vilivyo vya watu binafsi, na bastola za fataki, kwa kuwa ni ndogo, nzuri na rahisi kuuzwa, nyingi ziko kwa watu binafsi. Wengine wataogopa kwamba kudai habari zake ni hatua ya kwanza ya kudai kitu chenyewe. Huenda ni kweli, na mjadala huo utakuja kwa wakati wake. Kwa sasa ombi ni dogo zaidi: picha ya kila chapa, ya kila waya na kila kiraka, nakala ya barua au stakabadhi yoyote iliyoandamana nayo, jina la aliyeirudisha Ulaya na mwaka, na yote yatumwe Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi na Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ambako wapo wanaoweza kuyalinganisha na masimulizi ya mtoni wakati wazee wanaoyajua bado wapo.